Muhula mmoja Makerere: jinsi Kiswahili changu kilivyogoma Wandegeya

MtotoWaUbungo (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Wiki hii watu watatu wamenifuata pembeni na maswali yaleyale: maisha ya chuo Kampala yakoje, hela inatosha, Kiswahili kinapita? Nimechoka kujibu mmojammoja, namwaga yote hapa. Mimi nipo mwaka wa tatu, nimetoka Dar, nimekuja Makerere kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Muhula mmoja tu, Agosti hadi Desemba, na nimebakiza wiki tatu.

Nianze na ujinga wangu. Nilikuja kifua mbele. Nilijiambia hapa ni Afrika Mashariki bwana, shilingi ni shilingi, saa ni ileile, magari yanapita kushoto, hata soketi ya ukutani ni ya matundu matatu kama ya kwetu. Jamaa zangu waliopata Ujerumani walikuwa wanahangaika na makoti. Mimi nilibeba begi moja na mdomo. Lugha ninayo, nitapotea wapi?

Siku ya kwanza nashuka Wandegeya, pale chini ya mlima wa chuo, namfuata kijana wa boda: "Kaka, mambo vipi, Kikoni shilingi ngapi?" Kijana kimya. Wala haikuwa dharau. Aliniangalia kama mtu aliyesimamishwa na trafiki na leseni kaisahau nyumbani. Akamgeukia mwenzake, wakateta Kiganda, mwenzake ndiye akanijibu kwa Kiingereza: elfu kumi. Safari hiyohiyo leo nalipa elfu mbili.

Wiki nzima nikadhani tatizo ni lafudhi yangu. Nikajaribu kuongea polepole. Dukani, mama muuza vocha akaacha kunitazama usoni kabisa. Nikapunguza sauti, ikawa mbaya zaidi. Nitarudi, niko kipindini.

Kijana_wa_Kyaka

Nimeweka kambi hapa. Mkuu uliingilia mpaka gani, na makaratasi gani walikuuliza? Mimi naenda Januari.

MtotoWaUbungo

Mutukula, kupitia Bukoba. Pale siku hizi ni kituo cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, haina mbio za kuvuka na begi kichwani. Beba pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya chuo kinachokupokea, iwe mkononi, usiizike chini ya nguo kama mimi. Ukishafika unaomba kibali cha mwanafunzi. Kwa sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakina ada, ni kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza 2010. Akitokea mtu wa kati anataka "kukusaidia" kwa dola, mshukuru uondoke. Laini ya simu unasajili kwa pasipoti hiyohiyo.

Na hili usilipuuze: orodha ya masomo utakayosoma huku isainiwe na idara yako ya nyumbani KABLA hujaondoka. Barua pepe ya "tutaangalia ukirudi" si makubaliano.

LuluYaTanga

Endelea na ya Kiswahili, usitukatie utamu. Kwani Uganda si Kiswahili kilishapitishwa kuwa lugha rasmi?

Ssalongo_wa_Bwaise

Mimi ni wa hapa hapa Kampala, Kiswahili nimejifunza ukubwani, mtanisamehe makosa. Ndiyo, kilipitishwa. Katiba ilirekebishwa 2005, ikasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua tena kitumike na kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini karatasi ni karatasi.

Shida ni ya zamani. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kambi, toka jeshi la Waingereza. Halafu Amin akatoa amri 1973 kiwe lugha ya taifa. Sasa mama yangu Kiswahili anachokijua ni maneno manne: simama, toa, lala chini, kitambulisho. Alijifunzia kizuizini barabarani, si darasani. Ndiyo maana kijana wa boda alikaa kimya. Mtu mrefu, sauti nzito, begi mgongoni, "shilingi ngapi". Alifikiri wewe ni wa operesheni!

Lakini kuna upande mwingine. Wazee wengi wa Buganda ukisema unatoka Tanzania watakuita "mukomboozi". Ni neno lenu, mkombozi. Askari wenu waliingia Kampala Aprili 1979, tukawaita bakomboozi. Kwa hiyo Kiswahili kimoja, hofu mbili na shukrani moja. Wengine watakwambia hao wakombozi waliondoka na redio zao, usibishane nao.

MtotoWaUbungo

Ssalongo umenisaidia maelezo ya kurasa tatu. Kuhusu urefu umekosea, mimi mfupi, sauti ndiyo nzito.

Aliyenivua ukungu ni mama wa rolex hapa nje ya geti la hosteli. Kwa wasiojua, rolex si saa. Ni chapati na mayai. Anavunja mayai kwenye kikombe cha plastiki, anakatia humohumo kabeji, kitunguu na nyanya bila kibao, kisu kinazunguka hewani. Anakoroga, anamwaga kwenye chuma kilicholoa mafuta, juu yake analaza chapati ili ishikane na yai, anageuza, anaweka vipande vya nyanya mbichi na chumvi, anakunja kama mkeka. Elfu tatu, mchana umepita.

Mimi nilikuwa nafika na kusema moja kwa moja, kwa Kiingereza, "mayai mawili". Ananihudumia, lakini wa mwisho. Waliokuja nyuma yangu wanakula wanaondoka. Nikajua nabaguliwa. Siku moja nikasimama kimya nikasikiliza wenzangu wanafanyaje. Kijana anafika: "Gyebale ko, nnyabo," yaani pole na kazi, mama. Mama anaitika, anamrudishia ya kwake. Halafu inakuja sehemu ambayo hakuna aliyeniambia: kijana anasema "mmm", mama anasema "mmm", kijana tena "mmm", hivyo hivyo sauti inashuka mpaka inaisha yenyewe. Ndipo mayai yanatajwa.

Wakuu, hiyo ni "habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, nzuri, nashukuru" ya bibi yangu kule Ubungo, imetafuniwa kwenye pua! Mimi Mswahili ninayejisifia ustaarabu nilikuwa nimefika kwa watu na kuanza na bei. Kesho yake nikaenda: "Gyebale ko, nnyabo." Akaacha kisu. "Mmm." Nikajibu "mmm". Akaita jirani aje asikie. Tangu siku hiyo foleni naikuta na naiacha, na akiniona mnyonge anatupia yai la tatu bila kulidai.

Shikamoo lakini iacheni nyumbani. Nilimpa msimamizi wa hosteli, mtu mzima, akadhani naomba kitu.

Dada_wa_Kisauni

Yallah, umenikumbusha. Mimi ni wa Mombasa, niko mwaka wa pili chuo kingine hapa Kampala. Wakenya tumejaa huku kwa hivyo upweke si sana, lakini siku ya kwanza msichana tunayekaa naye chumba alipiga magoti kumsalimia shangazi yake mlangoni, nami nimesimama wima kama mlingoti na kitambaa cha kichwa nakifunga. Hakuna aliyeniambia lolote. Shangazi aliniangalia tu. Siku hizi nainama kidogo, goti halifiki chini lakini nia inaonekana.

Na chakula, ndugu zangu. Matoke, yaani ndizi za kupika, asubuhi, matoke mchana. Na wao matoke ndiyo chakula chenyewe. Wali na viazi ni vya kusindikizia hapo hapo kwenye sahani moja. Sahani yangu ya kwanza ilikuwa na matoke, wali, posho, viazi vitamu na boga, halafu akaniuliza mchuzi gani. Nikasema mchuzi wa nini, hivi vyote si vya kushibisha?

MtotoWaUbungo

Posho! Nilipokuja, kwenye mkutano wa wanafunzi wageni tukaambiwa wanaokaa mabwenini watapata posho kila siku. Nilipiga mahesabu ya posho yangu mpaka kununua simu. Kumbe ni ugali.

Na ukiagiza "chai kavu" kwa Kiingereza chao, unaletewa chai ya rangi. Kwetu chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Nilikaa na andazi langu namsubiri mtu aje kuniambia nimekosea, hakuja.

Mnyama_daima

Hela je? Na masomo ni magumu kuliko huku?

MtotoWaUbungo

Hela fupi: noti yao kubwa ni elfu hamsini, yetu ni elfu kumi, kwa hiyo ukibadilisha utajiona tajiri siku mbili. Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, usifanye hesabu kwa macho. Usimpe boda noti ya hamsini asubuhi, hana chenji, na chenji yenyewe wanaiita balansi. Daladala wao wanaiita teksi, ina miraba midogo ya buluu ubavuni. Nilipiga kelele "shusha!" ikanipitisha vituo viwili. Sema "mu maaso awo", mbele hapo, na useme mapema.

Masomo si magumu kuliko ya nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa hakuna sapu, ule mtihani wa marudio. Ukianguka somo unalirudia lote linapofundishwa tena, wanaita riteki, na wewe wa muhula mmoja hutakuwepo. Kwa hiyo usianguke, ndiyo ushauri wangu wa kitaaluma.

Ila kuna kitu kimoja cha masomo hakimo kwenye kitabu chochote cha mwongozo. Nyumbani mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza, sisi tukitoka tunakwenda kwenye kimbweta, zile meza za nje za kujisomea, tunalitafsiri somo kwa Kiswahili, tunabishana, tunataniana, mtu anaelewa. Hapa darasa linatoka linaendelea na Kiingereza, kwa sababu mezani mmoja ni Macholi, mmoja Mganda, mmoja Mnyankole, mmoja wa Soroti, na lugha inayowakusanya ni hiyo. Mimi Kiingereza cha mtihani ninacho. Cha kuchekesha sina. Nyumbani ndiye mimi ninayevunja watu mbavu. Huku utani unanijia kichwani kwa Kiswahili, nautafsiri, nikimaliza wenzangu wameshahama mada. Nikawa mtu mkimya. Mwenzangu wa kundi akaniambia anapenda Watanzania kwa sababu ni wapole. Mimi mpole! Nilimpigia dada yangu usiku nikamweleza, alicheka mpaka salio likaisha.

Wiki ya tano hivi ndiyo ilikuwa mbaya. Mvua, chumba kidogo, nyumbani wako likizo. Nilikuwa nakaa kwenye nyasi za Freedom Square mbele ya jengo kuu, lile lenye mnara lililoungua Septemba 2020 na kufunguliwa tena 2024, naangalia kaloli. Ni makorongo makubwa, vipara, shingo ina mfuko kama soksi, wamejaa kwenye miti ya chuo. Usikae chini ya mti wenye kaloli. Najua ninachosema.

MzeeWaMilimaMiwili

Vijana, nawasoma kimya. Mimi nilipita hapo miaka ya tisini. Ukikaa hapo Freedom Square kumbuka si wewe wa kwanza kutoka kwetu. Nyerere alisoma Makerere 1943 hadi 1945, stashahada ya ualimu. Mkapa alimaliza hapo 1962. Na kuanzia 1963 mpaka 1970 Makerere, Nairobi na Dar zilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mtu anahama mlima mmoja kwenda mwingine kulingana na somo. Hicho mnachokiita kubadilishana kilikuwa ndiyo utaratibu wenyewe.

Tena 1962 hiyo hiyo walikusanyika hapo waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, kongamano kubwa. Mwaka huohuo Shaaban Robert akafariki kwetu. Sisemi zaidi.

Dada_wa_Kisauni

Mzee usimsahau Profesa Ali Mazrui wetu wa Mombasa, alifundisha siasa hapo Makerere mpaka enzi za Amin.

Ssalongo_wa_Bwaise

Kijana, hao rafiki zako wa kundi, wewe uliwaita Waganda wote? Hilo ni kosa la Watanzania wote.

MtotoWaUbungo

Umejuaje! Ninayekaa naye chumba ni mtu wa Gulu. Wiki ya kwanza nilimtambulisha kwenye simu kwa mama, "huyu ndiye rafiki yangu Mganda". Kiswahili hakijui lakini hilo neno alilidaka. Akanikalisha. "Muganda ni kabila. Mimi ni Acholi." Kwetu Mganda ni raia yeyote wa Uganda. Huku ukimwita mtu wa kaskazini hivyo ni kama umwite Mmasai "Mzaramo" kwa sababu umemkuta Dar. Siku hizi nasema mtu wa Uganda, sentensi inarefuka lakini nalala salama.

Sasa Kiswahili nilikipata wapi? Kwa askari wa usiku wa hosteli. Mzee mmoja mtu wa Arua. Nilikuwa narudi saa nne usiku, nimelowa, geti limefungwa, nikajisemea tu kwa hasira, "ah, leo tena." Sauti ikatoka gizani: "Leo tena nini, kijana?" Wakuu, karibu nilie. Kiswahili chake ni cha upande wa Kongo, "miye" na "batu", lakini kilikuwa Kiswahili. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki mpaka saa sita. Nilitania, akacheka PAPO HAPO. Mnajua raha yake?

Nikamuuliza alikijifunza wapi, jeshini? Akasema hapana, ukimbizini. Mwaka 1979 alikuwa mtoto, askari wa Tanzania wanasonga kuelekea kwao kwa Amin, familia ikavuka kwenda Zaire. Huko sokoni ndiko alikojifunza. "Kwa hiyo nimekijua kwa sababu yenu," akasema, anacheka, anachochea jiko lake la mkaa. Mimi sikucheka haraka hiyo. Akanimiminia chai.

Ssalongo alisema hofu mbili na shukrani moja. Yule mzee simuweki popote kati ya hizo. Kila usiku ananiuliza Yanga imefanyaje.

Mnyama_daima

Hapo kwenye Yanga ndipo umeharibu uzi.

MtotoWaUbungo

Tulia, Yanga iliniaibisha huku. Ngoja niwape hii nimalize, nina mtihani.

Nguo zangu hufuliwa na mama mmoja jirani. Jumatatu nikampelekea mashati yote pamoja na lile jeupe la kuwasilisha kazi darasani Alhamisi. Nikamuuliza lini, akasema "Lwakutaano". Nikasikia tano. Jumatano, safi sana, siku moja mkononi. Tena nilikuwa na ushahidi: saa zao ni zetu kabisa, "ssaawa bbiri" ni saa mbili, hawahesabu kama Wazungu. Kwa nini siku ziwe tofauti?

Jumatano jioni naenda, mashati yangu yako kwenye beseni, yameloa, mama anashangaa nimefuata nini. Kumbe wao wanaanza kuhesabu Jumatatu. Lwakubiri ni Jumanne, Lwakutaano ni Ijumaa. Sisi tunaanza Jumamosi, ndiyo maana Jumatano yetu ni ya tano. Namba ileile, siku mbili mbali. Alhamisi asubuhi nimesimama mbele ya darasa nawasilisha mada ya ardhi na urithi nikiwa na jezi ya Yanga, kijani na njano, mgongoni jina la mchezaji. Mhadhiri akaniuliza kama hiyo ni sare ya taifa. Nikasema ndiyo. Darasa zima likapasuka, na ule ndio ulikuwa utani wangu wa kwanza uliofika kwa wakati Kampala. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita mpole.

LuluYaTanga

Nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi. Huko Facebook inafanya kazi?

MtotoWaUbungo

Ilifungwa Januari 2021, usishangae ikigoma. WhatsApp ipo. Naondoka tarehe 20. Nina godoro la futi tatu, birika la umeme na gambuti za mvua, anayekuja Januari avikute kwa mzee wa getini.

Kijana_wa_Kyaka

Mkuu mimi nalitaka godoro. Ila binamu yangu yupo hapo Nakulabye, anaweza kulichukua hata wiki hii. Lini upo?

MtotoWaUbungo

Lwakuna jioni.

Kijana_wa_Kyaka

Jumanne poa, namwambia.

Ssalongo_wa_Bwaise

Alhamisi.